Hodi Kidato cha Sita

Kosa litakaloonekana katika kurasa hizi si uvivu, wala utoro, wala ulevi, ingawa yote hayo niliyaona kazini, na baadhi yake niliyaona katika ofisi ya walimu. Ni kosa la kusema "ndiyo" mahali ambapo ukweli ni "sijaelewa". Watu hulitenda kwa uso mkunjufu na mikono iliyokunjwa kwa heshima, na kwa sababu hiyo hakuna anayeliadhibu. Nimefundisha miaka mingi kiasi cha kuamini kwamba limeharibu vijana wengi kuliko pombe, maana mlevi angalau hugundulika mapema.

Nimestaafu kwa hiari, katika umri ambao sheria inauruhusu na majirani wanaustaajabia. Vijana niliowaacha kazini wameniomba niandike machache kuhusu somo la hiari nililolianzisha kwa ajili ya kidato cha sita. Vyeo nitaviacha, vilikuja kwa kuchelewa na havikunifundisha chochote. Mshahara nitauacha pia, kwa kuwa wanaousoma waraka huu wanaujua.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa Mpwapwa. Nilishuka stesheni ya Gulwe na sanduku la bati na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, na mtu aliyetumwa kunipokea alikuwa mwalimu wa taaluma mwenyewe, Mwalimu Kibasa, mwanamume mrefu aliyevaa kaptura yenye mikunjo iliyonyooka kama rula. Hakuniuliza habari za safari. Aliniuliza kama najua kushika chaki. Nilijibu kwamba nimehitimu chuo cha ualimu. Akasema, "Sikuuliza hilo."

Kesho yake alinionyesha. Chaki mpya huvunjwa kabla ya kuandikia, la sivyo italia ubaoni na darasa zima litasaga meno. Ubao hugawanywa sehemu tatu, na ya kulia haifutwi mpaka kipindi kiishe, kwa kuwa hapo ndipo mwanafunzi mwenye mwandiko wa polepole anapojiokoa. Dasta hukung'utwa nje, upepo ukiwa mgongoni mwako. Mwalimu hamgeukii mwanafunzi mgongo akiwa anazungumza. Mambo haya niliyashika mpaka siku yangu ya mwisho, na nawashauri vijana wayashike, hata hao wanaoniambia kwamba siku hizi ziko kalamu za ubao mweupe. Kalamu ya ubao mweupe hukauka siku ya ukaguzi. Chaki haijapata kunitenda hivyo.

Jambo moja la Mwalimu Kibasa sikulichukua. Kila alipomaliza somo aliuliza kwa sauti kubwa, "Tumeelewana?" na darasa likajibu kwa pamoja, "Ndiyooo, Mwalimu!" kwa mvuto mrefu kama wa kanisani. Hapo alifunga kitabu na kutoka akiwa ameridhika. Aliniambia kwamba darasa zuri ni darasa ambalo ukipita nje unasikia sauti moja tu, na iwe ya mwalimu. Alikuwa mtu mwadilifu kupita wengi niliowahi kufanya nao kazi, na nilijifunza mapema kwamba mtu mwadilifu anaweza kuwa mlinzi hodari wa kosa.

Baadaye nilihamishiwa Dodoma, katika shule yenye kidato cha tano na cha sita. Ilikuwa ni miaka ile nchi ilipofungua milango ya biashara. Madukani kulirudi sabuni, kisha vikaja vitu vingi ambavyo hatukuwa tumevikosa kwa kuwa hatukuwa tumevijua. Mitumba ilitandazwa kando ya barabara ya kwenda Makutupora, na walimu wawili wa shule yetu walionekana huko wakichambua makoti. Neno la siku lilikuwa "ruksa". Wanafunzi walilitumia kuomba kwenda chooni, na wengine kuomba kutorudi. Tuisheni ilianza kuuzwa barazani kama mboga, na kilichouzwa, kwa sehemu kubwa, kilikuwa majibu.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Shule yetu ilifaulisha. Kila mwaka wanafunzi kadhaa walichaguliwa kwenda chuo kikuu, na majina yao yaliandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa mbao ukumbini. Aliyeandikwa juu kabisa mwaka mmoja alikuwa Petro Ndahani, kijana wa Kigogo kutoka Haneti, mpole, mwenye kumbukumbu ya ajabu. Ukimsomea ukurasa mara moja alikurudishia pamoja na makosa ya mchapaji. Walimu wote tulimpenda. Kila ulichomwambia alijibu, "Ndiyo, Mwalimu."

Mwaka uliofuata, mvua za kwanza zikiwa ndiyo zimeanza, baba yake alifika shuleni. Alisimama mlangoni mwa ofisi, fimbo mkononi, shuka begani, viatu vya matairi miguuni.

"Mbukwa, Mama Mwalimu," alinisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, Mzee. Karibu kiti."

Hakukaa. "Nimekuja kuuliza neno. Nilimtuma Petro akasome. Nyie mlisema ana akili, nami nikamtuma. Sasa watu waliotoka huko wanasema Petro amedisko. Mimi nauliza: hiyo shule mliyompeleka, inafundisha kucheza?"

Wasomaji wangu wanalijua neno hilo, lakini mzee yule hakulijua. Wanafunzi wa chuo kikuu humwita mtu aliyeondolewa masomoni kwa kushindwa mitihani kuwa "amedisko". Wameikata katikati istilahi ya Kiingereza ya ofisi ya masajala, "discontinued", na kuiacha ipigwe muziki. Nilimweleza kwamba mwanawe hakucheza. Amefukuzwa kwa kushindwa.

"Petro? Aliyekuwa wa kwanza hapa?"

"Huyo huyo."

Aliigeuza fimbo mkononi. "Basi ni heri angecheza," alisema. "Kwa kucheza ningemchapa, yakaisha. Kwa kushindwa nitamchapa nini?"

Ndipo akasema alilolijia. Alikuwa na binti, Yudita, mdogo wake Petro, aliyekuwa ameanza kidato cha sita hapo hapo shuleni kwetu. Yudita alikuwa akisoma masomo ya sayansi, na tangu utoto alitaka jambo moja tu: kuwa daktari wa mifugo. Kwao zizi lilikuwa limepungua ndama mwaka baada ya mwaka kwa ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Mzee alikuwa amekubali. Sasa alikuwa ameiondoa ridhaa yake.

"Amalize hapa, kwa kuwa ameshaanza. Lakini huko kwa kudisko haendi. Nimeshapoteza mmoja, na huyo mmoja alikuwa mwanamume."

Nilimwomba asikate shauri kwa kusikia. Nilimwomba arudi kabla ya mitihani, akae darasani, aone mwenyewe tunachomfundisha binti yake. Aliniangalia kama mtu anayetazama wingu asilolitegemea, akasema atakuja palizi likiisha.

Petro mwenyewe nilimwona baadaye, alipokuja kuchukua cheti chake. Nilimuuliza kilichotokea, naye alinijibu bila uchungu, kwa sauti ile ile aliyozoea kunijibia darasani.

"Mhadhiri aliuliza kama tumeelewa. Nikasema ndiyo. Akaendelea."

"Na ulikuwa umeelewa?"

"Hapana, Mwalimu. Lakini kila alipouliza kama tumeelewa, nilisema ndiyo, na kila niliposema ndiyo, aliendelea. Mwishowe alikuwa mbali sana."

"Na katika semina, mlipotakiwa kutoa hoja?"

"Nilingoja wenzangu waitikie, niitikie nao. Hawakuitikia, Mwalimu. Kule kila mtu anasema peke yake."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu elimu, vingine vizito vya kutosha kuzuilia mlango, na sijakutana na maelezo bora ya kushindwa kwetu.

Hapo ndipo somo lilipoanza. Mkuu wa shule alikubali nipewe Jumatano mchana, saa ambazo kidato cha sita walipaswa kujisomea na kwa kawaida walifua nguo. Lilikuwa la hiari, halikuwa na mtihani, na kwa hiyo walimu wenzangu walilihesabu kuwa burudani. Nililiita Maandalizi ya Elimu ya Juu. Wanafunzi waliliita Jumatano ya Madamu. Kuitwa Madamu sikukupenda, lakini katika ualimu mtu huchagua vita vyake.

Nieleze nilichokifundisha, kwa kuwa huenda kikamfaa mtu. Nilianza na kengele. Shuleni kwetu kengele ilikuwa rimu la lori lililoning'inizwa kwenye mkwaju, na mwanafunzi aliamka kwa rimu, alikula kwa rimu, alisoma kwa rimu. Chuo kikuu hakuna rimu. Kwa hiyo niliwataka wapange wiki yao wenyewe, kisha nikawauliza Jumatano iliyofuata waliishije nayo. Wengi walikuwa wamepanga kama watawa na kuishi kama watalii. Niliwafundisha kuingia katika kitabu kwa faharasa badala ya kuanzia utangulizi na kufia hapo. Niliwafundisha kutofautisha fikra ya mwandishi na fikra yao, na kwamba kuchukua ya mwandishi bila kumtaja ni wizi, hata kama mwandishi amekufa. Nilichapa vifungu kwa stensili na kuvidurufu kwa ile mashine ya mkono iliyotutia wino hadi viwiko. Na nilikataa kuwapa notisi za kunakili. Nilizungumza, wao wasikilize, kisha waandike kwa maneno yao.

Hili la mwisho lilizua msiba.

"Madamu, notisi?" aliuliza kiranja siku ya kwanza, nilipoweka chaki chini.

"Umezisikia."

"Ndiyo, Madamu. Lakini tutaandika nini?"

Majuma kadhaa yalipita. Walikuja, walikaa wima, waliitikia. Kila nilipouliza kama kuna swali, palikuwa na ukimya safi kama ubao uliofutwa. Yudita alikaa mstari wa mbele na kuandika kila kitu, pamoja na kikohozi changu, nadhani. Nikaamua kuwapima. Nilitoa mhadhara kwa Kiingereza kuhusu njia za uchukuzi, na katikati yake nikasema, kwa uso mkavu, kwamba reli ya kati ilianza kujengwa Dodoma, ikateremka kuelekea pwani kuitafuta bahari. Kalamu zote zilikimbia.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, Madamu!"

"Yudita, reli ilianzia wapi?"

Alisimama. "Dodoma, Madamu."

"Na injini ya kwanza ilifikaje Dodoma, kabla ya reli?"

Sauti ilitoka nyuma, dirishani: "Labda ilinyesha na mvua, Madamu. Ila na hiyo mvua yenyewe hapa kwetu hatuioni."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Aliyesema alikuwa msichana wa mjini, mtoto wa mama mwenye duka la vitambaa karibu na soko la Majengo, katika zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walifika huku na misafara ya biashara na hawakuona sababu ya kuondoka. Wenzake walimwita Bi Soko, kwa kuwa hakukubali neno lolote kwa bei ya kwanza.

"Kwa hiyo wewe ulijua si kweli," nilimwambia.

"Nilijua, Madamu."

"Na umeandika nini?"

Aliangalia daftari lake. "Nimeandika ilianzia Dodoma."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtihani ukija mtauliza hivyo hivyo mlivyosema."

Hakukusudia ufidhuli. Alikuwa ananieleza soko lilivyo.

Siku iliyofuata nilimwita Yudita ofisini baada ya chakula cha mchana. Sikutaka kumkaripia, nilitaka kujua. Nilimwambia kwamba baba yake atakuja, kwamba ataamua kwa atakachokiona, na kwamba kaka yake hakushindwa kwa upungufu wa akili. Nikamuuliza kwa nini haulizi kamwe. Alisema akitazama sakafu:

"Mwalimu, nikikuuliza, si nitakuwa nimesema mbele za watu kwamba hukufundisha vizuri?"

Naomba vijana wasome sentensi hiyo mara mbili. Mimi nilikuwa nimejiandaa kupambana na uoga, na uzembe, na Kiingereza kibovu. Kumbe nilikuwa napambana na adabu. Mtoto huyu alilelewa asimwaibishe mkubwa, na alikuwa tayari kupoteza maisha yake ya baadaye ili aniepushe mimi na aibu ya dakika moja. Wema uliowekwa pasipo pake ni mgumu kuung'oa kuliko uovu, kwa kuwa mwenye nao anajua kwamba ni wema.

Bi Soko alikuwa ameingia na rundo la madaftari ya darasa na alikuwa akiyapanga juu ya meza kwa uangalifu uliozidi mahitaji.

"Umesikia?" nilimuuliza.

"Nimesikia, Madamu, lakini sikusikiliza." Akamgeukia mwenzake. "We Mgogo, kwenu mtu akitaka kuingia nyumbani kwa watu anafanyaje? Anasukuma mlango?"

"Kwetu mlango hatusukumi. Nyie wa mjini ndio mnaosukuma, mkidai deni."

"Haya, tunasukuma. Wewe unafanyaje?"

"Ninabisha hodi."

"Ukibisha hodi umemtukana mwenye nyumba?"

"Nitamtukanaje? Nimemheshimu."

"Na asipokuitikia, aibu ya nani?"

Yudita alifikiri. "Ya kwake."

"Basi mbishie Madamu hodi," alisema Bi Soko, akaweka daftari la mwisho juu ya rundo. "Yeye yumo ndani na somo lake, wewe uko nje. Ukikaa kimya atajuaje kama kuna mgeni?"

Nikiri kwamba sikusema kitu chochote cha hekima. Niliwaambia warudi darasani, kengele ilikuwa imegongwa.

Jumatano iliyofuata nilitangaza kanuni. Mwanafunzi asiyeelewa hatanyosha mkono, maana mkono ulionyoshwa katika shule zetu una maana ya kujua jibu. Atasema "Hodi". Nami, hata nikiwa katikati ya sentensi, nitajibu "Karibu", na sitaendelea mpaka mgeni awe ameketi ndani. Walicheka sana. Kisha mvulana mmoja akajaribu, kwa mzaha, "Hodi," nikamjibu kwa dhati, "Karibu," naye akajikuta hana budi kuuliza. Aliuliza swali zuri. Mwisho wa kipindi nilikuwa nimebishiwa hodi mara nyingi kuliko mganga wa jadi. Yudita alibisha mwishoni kabisa, kwa sauti ambayo panya angeionea haya. Nilimkaribisha. Akaingia.

Sikuwa nimetafakari kwamba hodi haina mipaka ya ratiba. Kabla ya juma kuisha, mwalimu wa Fizikia alinijia ofisini chaki ikiwa bado mkononi.

"Mwalimu, wanafunzi wawili wamenibishia hodi katikati ya mlinganyo!"

"Ukajibu nini?"

"Nimegeuka kutazama mlango kama mjinga! Halafu nikawatoa nje wote wawili. Darasa langu si kibaraza."

"Walitaka kuuliza nini?"

Alifikiri kidogo, na kwa heshima yake niseme kwamba alisema kweli. "Sijui. Niliwatoa kabla."

Jambo hilo lilipelekwa kwa mkuu wa shule, naye akatoa hukumu ya kiofisi: hodi iruhusiwe Jumatano tu. Hukumu hiyo haikuheshimiwa na mtu yeyote, akiwemo, baada ya muda, mwalimu wa Fizikia, ambaye nilimsikia nikipita nje akisema "Karibu, karibu, ingia haraka" kwa sauti ya mtu aliyechoka na wageni lakini bado anawapikia.

Palizi likaisha. Mzee Ndahani alikuja kama alivyosema, na bahati au mpangilio ulitaka aje siku niliyokuwa nimemwalika mhadhiri kijana, aliyewahi kusoma shuleni kwetu na sasa alikuwa akifundisha magonjwa ya mifugo chuoni. Nilimtaka azungumze kama anavyozungumza chuoni, kwa Kiingereza, kwa kasi ile ile, bila kuwahurumia. Sikumwambia habari za hodi. Sikumwambia pia habari za mzee. Nilimweka mzee nyuma, kwenye dawati karibu na Bi Soko, fimbo ikiwa kati ya magoti.

Kabla hatujaingia, Yudita alinifuata kwenye kibaraza. "Mwalimu, baba akiniona nasimama kumkatiza mwanamume anayezungumza, atanichukua leo leo."

"Na usiposimama?"

"Atanichukua baada ya mtihani."

Alikuwa ameshaifanya hesabu.

Mhadhiri alizungumzia ndigana. Alizungumza vizuri na upesi, kwa mikono miwili, akiandika ubaoni na kufuta kwa kiganja, jambo ambalo Mwalimu Kibasa asingemsamehe. Alieleza kupe anavyounyonya ugonjwa kwa ng'ombe mmoja na kuupeleka kwa mwingine. Akasema kwamba ndama aliyepona huendelea kuubeba mwilini. Kisha akauliza kwa Kiingereza kama wote wameelewa, na hata kabla ya kusikia jibu alikuwa amegeukia ubao. Wachache waliitikia kwa mazoea. Nilimwona Yudita ameshika ukingo wa dawati.

"Hodi," alisema.

Mhadhiri alitazama mlango. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nyuma ya darasa, Mzee Ndahani naye aligeuka kutazama mlango, kwa kuwa katika mhadhara mzima hilo lilikuwa neno la kwanza alilolielewa.

"Karibu!" mhadhiri aliita kuelekea nje. Hakuingia mtu. Darasa lilianza kutetemeka kwa kicheko.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema Yudita, amesimama. "Niko hapa ndani." Kisha akaendelea, kwa Kiingereza cha polepole kilichonyooka: "Umesema ndama aliyepona bado ameubeba ugonjwa. Sijaelewa. Kama bado ameubeba, amepona nini?"

Kicheko kilikoma. Mhadhiri aliweka chaki chini. Alisema kwamba hilo ni jambo alilopaswa kulieleza kabla ya kwenda mbele, akarudi nyuma, akaeleza kwamba mwili wa ndama huudhibiti ugonjwa bila kuuondoa, na kwamba kupe akimnyonya ndama huyo mzima anaweza kuuchukua na kuwapelekea wengine. Yudita alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Asante, nimeingia," akaketi. Hodi ya pili ilitoka upande wa pili. Baada ya hapo mhadhiri hakupata nafasi ya kurudi kwenye karatasi zake.

Nilitoka na Mzee Ndahani hadi kwenye kivuli cha ukuta wa bweni.

"Yudita amesema nini kwa yule kijana?"

Nilimweleza kwa Kiswahili, kama alivyouliza: ndama aliyepona na bado ameubeba ugonjwa, amepona nini.

Alisimama. "Hilo hata mimi sikulijua. Na ndama hao ninao." Akafikiri. "Na yule hakukasirika?"

"Alimkaribisha. Ulimsikia."

"Nilisikia." Alichimba ardhi kwa ncha ya fimbo. "Na Petro? Huko alikokuwa, hakubisha?"

"Hakubisha, Mzee. Aliulizwa kama ameelewa, akasema ndiyo."

"Kwa hiyo walidhani yumo ndani."

"Walidhani yumo ndani."

"Naye mwaka mzima alikuwa amesimama nje kwenye jua." Aliyasema haya bila kunitazama. "Na kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemfundisha asikatize wakubwa." Sikumpinga, wala sikumwambia kwamba tulikuwa wengi tuliomfundisha hivyo, nadhani alilijua.

Yudita alikuwa amesimama mbali kidogo na wenzake, akingoja. Baba yake alimwita. Alifika, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi, na mzee hakumwinua upesi.

"Utakwenda," alimwambia. "Lakini ukifika huko, usikae nje kwa ajili ya kuniheshimu mimi."

Yudita alikwenda, na hakudisko. Nasema kwa ufupi kwa sababu kufaulu hakuna maelezo mengi. Likizo ya kwanza alipita shuleni akaniambia kwamba chuoni siku za mwanzo walimcheka, wakampa jina la Hodi, na kwamba kufikia mitihani wenzake walikuwa wakimwomba awabishie. Petro alirudi shule kwa njia nyingine, chuo cha ualimu, na anafundisha Hisabati. Sijaingia darasani kwake, lakini nimeambiwa lina kelele.

Somo lenyewe liliondolewa kwenye ratiba baada ya miaka, nafasi yake ikachukuliwa na kipindi cha kufanyia majaribio ya mitihani iliyopita. Sikushangaa. Kitu kisichotahiniwa huonekana hakipo.

Katika semina za walimu nimesifiwa mara kadhaa kwa kile wanachokiita mbinu yangu, na mtu mmoja aliwahi kuichora kwenye karatasi kubwa kwa mishale. Kila mara nimesahihisha, na kila mara wameandika jina langu. Kwa kuwa sasa kalamu ni yangu, nasahihisha hapa. Mbinu ile ilitolewa ofisini kwangu, mchana, na mwanafunzi aliyekuwa akipanga madaftari, ambaye alama zake hazikutosha kwenda chuo kikuu na ambaye hadi leo anauza vitambaa Majengo katika duka alilorithi. Hajawahi kualikwa kwenye semina. Shuleni tulimwita Bi Soko. Jina alilopewa na wazazi wake ni Mwanaidi Sefu.